Ukigongwa na Gari Ukiwa kwenye Baiskeli: Jinsi ya Kudai Fidia Yako

Barabara za Tanzania zimejaa watu wanaotafuta riziki kwa baiskeli: wauza maziwa wanaoingia mjini alfajiri, wabeba mkaa, mafundi waliofunga msumeno kwenye keria, wanafunzi, walinzi wanaotoka zamu ya usiku. Mmoja wao akigongwa, watu wakishakusanyika, neno la kwanza utakalolisikia ni "Mshukuru Mungu uko hai." Kushukuru ni haki. Linaloniuma ni kwamba mara nyingi mambo yanaishia hapo. Dereva anatoa noti chache, baiskeli inabebwa kwa fundi, na aliyevunjika mguu anauguzwa kwa fedha za mahindi yaliyouzwa kabla ya bei kupanda.

Ninachotaka ukijue ni hiki: ile bima ndogo ya gari lililokugonga haikukatwa kwa faida ya mwenye gari. Gari lake likibonyea, bima hiyo haimlipi hata senti. Sheria ya bima ya vyombo vya moto, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari, pikipiki au bajaji kuikata kwa ajili ya mtu mwingine atakayeumizwa na chombo hicho. Mtu huyo ni wewe. Kwa hiyo unapodai fidia huombi msaada, wala humwonei dereva. Unadai fedha ambazo sheria ilikwisha kukuandalia kabla hujatoka nyumbani asubuhi ile.

Lakini haki hiyo haijileti yenyewe. Inategemea karatasi, picha na mashahidi, na sehemu kubwa ya hivyo hupatikana katika siku chache za mwanzo, wakati maumivu ni makali na akili haijatulia. Ndiyo maana nashauri makala haya yasomwe na familia nzima, kwa sababu siku ya ajali huenda mwenye kuhangaika akawa mke, kaka au jirani.

Saa za kwanza

Afya kwanza. Kama ulipoteza fahamu hata kwa muda mfupi, kama unatapika, unaona vitu viwili viwili au kichwa kinazidi kuuma, usikubali kupelekwa nyumbani "upumzike". Damu inayovujia ndani ya fuvu inaweza kuchukua saa kadhaa kabla ya kujionyesha, na mtu aliyekuwa akiongea vizuri mchana akazidiwa usiku. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na umweleze daktari kila sehemu inayouma, hata ile unayoiona ndogo. Bega ambalo halikuandikwa kwenye cheti siku ya kwanza, baada ya miezi miwili utaambiwa uliliumiza kwingine.

Kama una nguvu ya kushika simu, au yupo mtu wa kukushikia, piga picha kabla gari halijasogezwa. Chukua namba za gari mbele na nyuma, stika yoyote iliyo kwenye kioo, gari zima likionekana pamoja na barabara, alama za matairi, vipande vya taa vilivyotapakaa, na baiskeli pale ilipoangukia. Kisha sogea karibu upige baiskeli yenyewe. Rimu ya nyuma ikiwa imekunjwa kutokea nyuma, madigadi ikiwa imejipinda kuelekea kwenye kiti, na rangi ya bampa ikiwa imebaki kwenye keria, dereva atapata shida kueleza kwamba ulimkatiza mbele ghafla. Chuma kimeshatoa ushahidi.

Kwa sababu hiyo hiyo usikimbilie kutengeneza baiskeli. Huenda polisi wakaichukua kama kielelezo. Wakikurudishia, iweke hivyo hivyo mpaka madai yaishe. Vivyo hivyo kofia ngumu iliyopasuka, shati lenye damu na kiatu kilichochanika. Viweke kwenye mfuko mmoja, na usivifue.

Chukua pia majina na namba za simu za walioona. Muuza vocha, kijana wa bodaboda aliyekuwa amepaki, mama wa mgahawa: hawa ndio watakaosema gari lilikuwa linakwenda vipi na wewe ulikuwa upande gani. Baada ya wiki moja wengine watakuwa wamehama kijiwe. Wewe mwenyewe, kwa wakati huo, sema machache. Usiseme "ni kosa langu" kwa sababu ya adabu au mshtuko. Neno hilo litakuja kunukuliwa. Na usikubali gari liondoke kwa ahadi ya "nitarudi kukuona".

Polisi: RB, PF3 na ramani

Ajali iripotiwe kituoni hata kama dereva ni mpole na yuko tayari kukupeleka hospitali. Ukiripoti unapewa namba ya RB, yaani kumbukumbu ya taarifa yako kituoni. Iandike na uipige picha. Unapewa pia PF3, fomu ya polisi ambayo daktari anajaza majeraha aliyoyaona. Kama hali yako ni mbaya, wewe ukimbizwe hospitali, ndugu aende kituoni kuchukua fomu. PF3 ikishajazwa inarudi polisi, kwa hiyo itoe kopi mbili kabla ya kuirudisha. Karatasi hiyo moja ndiyo inayounganisha majeraha yako na ajali ile, na ikipotea kwenye jalada utahangaika sana kuipata nyingine.

Trafiki anayepeleleza atachora ramani ya tukio: upana wa barabara, mahali gari liliposimama, mahali ulipoangukia na umbali kati yake. Kama uko hospitali, omba ndugu yako awepo ramani inapochorwa, kwa sababu kukosea upande mmoja tu wa barabara kunaweza kukuhamishia lawama. Ukiandika maelezo yako, yasome yote, au usomewe taratibu, kabla ya kuweka saini au dole gumba. Neno "niliingia barabarani" na neno "nilikuwa barabarani" yana tofauti kubwa mahakamani. Uliza pia kama gari limepelekwa kwa mkaguzi wa magari kuangaliwa breki, na uandike jina la mwenye gari, jina la dereva, kampuni ya bima na namba ya bima.

Usipopata habari za bima, usikate tamaa. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo kwenye mtandao unaokuonyesha kama gari lina bima hai ukiingiza namba ya usajili. Mmiliki anafahamika kupitia usajili wa magari ulioko Mamlaka ya Mapato, TRA. Na angalia mfumo wa TIRA mapema, kwa sababu unachotaka kujua ni kama bima ilikuwa hai siku ya ajali.

Faini siyo fidia

Hapa watu wengi wamepoteza haki yao. Dereva anashtakiwa kwa kuendesha kwa uzembe na kusababisha majeraha, anapatikana na hatia, anatozwa faini, na aliyegongwa anarudi nyumbani akiamini kesi imekwisha. Faini ile imekwenda serikalini. Hakimu wa kesi ya jinai anao uwezo wa kuamuru mshtakiwa akulipe kitu, lakini usijenge matumaini yako juu ya hilo, kwa kuwa kesi ile ilikuwa kati ya Jamhuri na dereva, na wewe ulikuwa shahidi tu.

Madai ya fidia ni njia ya pili na ni yako mwenyewe. Hata hivyo kesi ya jinai ina faida kubwa kwako: hukumu ya hatia, muda wa rufaa ukishapita, ni ushahidi mzito kwamba dereva alifanya kosa. Kwa hiyo ukiitwa kutoa ushahidi, nenda. Kesi ikiisha, omba nakala ya hukumu iliyothibitishwa na uitunze pamoja na PF3.

Nani wa kumdai

Kisheria unawadai dereva na mwenye gari. Dereva kwa uzembe wake. Mwenye gari ikiwa dereva alikuwa kwenye kazi yake. Kampuni ya bima ndiyo inayobeba malipo: hukumu ikitolewa dhidi ya mteja wake kwa ajali ambayo bima inaihusu, sheria inaitaka ilipe. Ila kampuni ina haki ya kujua mapema kwamba kuna kesi. Ipelekee taarifa ya maandishi kabla ya kufungua shauri, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kampuni nyingi hupenda kumaliza madai bila kufika mahakamani, na barua nzuri yenye vielelezo kamili ndiyo inayofungua mazungumzo hayo.

Yapo mazingira yanayobadilisha njia. Ukigongwa na lori la Zambia, Burundi, Rwanda au Kongo, yale yanayopita Morogoro kila siku, muulize trafiki kama dereva ana Kadi ya Njano ya COMESA. Kadi hiyo ni bima inayovuka mipaka, inayowalinda watu wanaoumizwa na gari la kigeni, na Tanzania imo kwenye mpango huo. Hakikisha namba ya kadi imeandikwa kwenye taarifa ya polisi kabla lori halijaruhusiwa kuendelea na safari; likishavuka mpaka, kazi yako imekuwa ngumu mara kumi.

Gari la serikali, lenye namba kama STK au STL, lina utaratibu wake. Huwezi kuishtaki Serikali kabla ya kuipa notisi ya siku 90, na tangu mabadiliko ya mwaka 2020 sharti hilo linahusu pia halmashauri. Notisi hiyo ina masharti ya nani apelekewe na nani apewe nakala, kwa hiyo hapo tafuta wakili mapema. Ni vivyo hivyo kama hukugongwa na mtu bali ulitumbukia kwenye mtaro ulioachwa wazi: barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, za mijini na vijijini chini ya TARURA. Piga picha shimo siku hiyo hiyo, ukiweka kitu cha kupimia kando yake, maana mashimo yaliyokaa miaka huzibwa ghafla mtu akishaumia.

Kama ulikuwa kazini, mathalani tarishi uliyetumwa na mwajiri, mjulishe mwajiri mara moja. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unamlipa mfanyakazi aliyeumia akitekeleza kazi yake bila kulazimika kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote, lakini mwajiri lazima atoe taarifa, na wewe lazima umfuatilie.

Hesabu ya madai yako

Mahakama inagawa fidia mafungu mawili. Fungu la kwanza ni fidia mahususi: fedha ulizotoa na mapato uliyokosa, yaani mambo yanayohesabika. Fungu la pili ni fidia ya jumla: maumivu, ulemavu, usingizi uliopotea, kazi ambayo hutaiweza tena. La pili hupimwa na hakimu kwa busara yake akitazama majeraha. La kwanza halina huruma hata kidogo. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba fidia mahususi lazima itajwe kwenye hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu. Usipoonyesha risiti, fedha hizo hukuzitoa.

Basi nunua faili leo. Weka ndani risiti za hospitali, za dawa, za vipimo, za magongo, za fundi aliyekadiria bei ya baiskeli. Omba risiti ya EFD kila mahali inapotolewa. Bajaji iliyokupeleka kliniki haitoi risiti, kwa hiyo lipia kwa simu, au mwombe dereva akuandikie kikaratasi chenye tarehe, kiasi, namba ya chombo na saini yake. Meseji za miamala usizifute. Kama dada yako ameacha genge lake ili akuhudumie kitandani, hiyo nayo ni gharama, iandike.

Kipande kigumu ni kuthibitisha kipato cha mtu asiye na mshahara. Wengi wanaoendesha baiskeli hawana karatasi ya mshahara, na kampuni ya bima inalijua hilo vizuri. Hapo daftari la kawaida la kaunta linaweza kuwa mali. Muuza maziwa aliyeandika kila siku "lita 18, mgahawa wa stendi 10, nyumba kumi za mtaa wa juu 8, wamelipa 6", kwa kalamu tofauti na mwandiko wa haraka, ana ushahidi ambao ni vigumu kuubeza, kwa sababu unaonekana haukutungwa siku moja. Ongeza taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita kabla ya ajali, barua za wateja wawili watatu walio tayari kuja kusimama, na barua ya serikali ya mtaa au kijiji inayoeleza shughuli yako. Kama hukuwa na daftari, anza na wateja; wao wanakumbuka walikuwa wakikulipa kiasi gani.

Tufanye hesabu ya mfano. Fundi seremala amevunjika paja. Hospitali imemgharimu shilingi 1,850,000. Nauli za kliniki, yeye na mkewe, 240,000. Baiskeli 280,000. Amekaa miezi minne bila kushika randa, na wastani wake ulikuwa 400,000 kwa mwezi, yaani 1,600,000. Jumla ni 3,970,000, na hapo bado hatujagusa maumivu wala mguu uliopona ukiwa mfupi. Mtu akija na milioni moja na nusu mkononi, fedha hizo zinaonekana nyingi kwa mtu ambaye hajafanya hesabu. Aliyefanya hesabu anaona zimefidia chini ya nusu ya hasara ambayo ameshaipata.

Kwa fungu la pili, kielelezo kikuu ni ripoti ya daktari bingwa inayoeleza jeraha, matibabu, yale yatakayohitajika baadaye na asilimia ya ulemavu wa kudumu kama upo. Usiiombe mapema mno. Mfupa uliowekewa chuma unaweza kuhitaji upasuaji mwingine wa kukitoa. Ripoti ya wiki ya tatu haitaliona hilo. Pamoja na ripoti, andika kila wiki mistari michache: umelalaje, umeshindwa kufanya nini, nani amekuogesha. Mbele ya hakimu, baada ya miaka miwili, kumbukumbu yako itakuwa imepoa, lakini daftari litakuwa linasema ukweli wa siku ile.

Wanapokuja kumalizana

Karibu kila aliyegongwa hufikiwa na ujumbe wa kumalizana. Wanakuja wodini siku ya tatu au ya nne, saa ya kuona wagonjwa: shemeji wa dereva, mzee mmoja mwenye heshima, na mfuko wa machungwa. Wanakaa pembeni ya kitanda, wanauliza hali. Kisha mzee anasema, "Mama, sisi sote ni binadamu. Kijana ana watoto. Tuyamalize haya kiutu uzima." Bahasha inatoka, na chini ya bahasha kuna karatasi iliyokwisha kuchapwa.

Wapokee kwa heshima, wala usiwatukane. Maridhiano ni jambo jema katika jamii yetu na hata mahakama huyapenda. Shauri la madai likifunguliwa hupitia usuluhishi kwanza. Lakini wajibu hivi: "Nawashukuru kwa kuja. Naendelea na matibabu, nikipona nitajua ninachodai, tutazungumza." Kama dereva anataka kusaidia dawa, apokewe, ila iandikwe kwamba ni msaada wa matibabu kwa tarehe fulani na kwamba haumalizi madai. Karatasi yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho" au "sitakuwa na madai mengine" usiisaini ukiwa kitandani, wala ukiwa na deni la hospitali, wala ukiwa peke yako. Ukishaisaini, umeuza madai yako yote kwa bei iliyomo kwenye bahasha, hata kama mguu utakuja kukatwa.

Sheria hiyo hiyo ifuate ukifika ofisi za kampuni ya bima. Afisa madai anaweza kuwa mkarimu kabisa, na bado anafanya kazi ya mwajiri wake. Omba ofa yake iwe ya maandishi, ichukue nyumbani, ilinganishe na jumla yako. Ukiona inakaribia, na ripoti ya mwisho ya daktari unayo, kupokea ni busara. Kesi inachukua muda na nauli. Kampuni ikikaa kimya au ikikuzungusha, andika malalamiko TIRA na ufike katika Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

"Na wewe ulikuwa na makosa"

Utaambiwa hukuwa na taa. Utaambiwa ulikuwa katikati ya barabara, umebeba mzigo mpana, au umevaa nguo nyeusi usiku. Usiogope, na usidanganye. Sheria yetu haimnyimi fidia mtu kwa sababu tu naye alichangia. Inapunguza kwa kiwango cha mchango wake. Mahakama ikiona hasara yako ni milioni 10 na lawama yako ni asilimia 30, unapata milioni 7. Kwa hiyo mtu akikwambia "huna kesi, hukuwa na rifleta", anakutisha tu. Mjibu kwa maswali: Je, ilikuwa mchana? Gari lilikuwa linakwenda zaidi ya kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho kwenye maeneo ya makazi? Lilikuwa linalipita gari jingine kwenye mstari usiokatika? Dinamo na rifleta ni vizuri uwe navyo, tena vinaokoa maisha, lakini kukosekana kwake hakumpi dereva ruhusa ya kutokutazama mbele.

Muda haungoji

Madai ya uzembe Tanzania Bara yana ukomo wa miaka mitatu tangu siku ya ajali. Mwaka wa kwanza unakwisha kwenye matibabu, wa pili kwenye "njoo wiki ijayo" ya kampuni ya bima, na wa tatu ukiwa umechoka. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mazungumzo hayasimamishi muda. Kampuni inaweza kukuandikia barua za kistaarabu mpaka siku ya mwisho, na siku inayofuata ikasema madai yamepitwa na wakati, na mahakama ikakubaliana nayo. Andika tarehe ya ajali kwenye jalada la faili lako, ongeza miaka mitatu, na ukifika mwaka wa pili bila malipo, peleka shauri Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Kwa mtoto chini ya miaka 18 muda hauhesabiki mpaka afikie utu uzima, na mzazi anaweza kumfungulia shauri kabla ya hapo. Nashauri asingoje, kwa kuwa mashahidi hawakui pamoja na mtoto.

Aliyegongwa akifariki, wategemezi wake wana haki ya kudai kwa ajili ya riziki waliyoipoteza. Familia ikae, iandike muhtasari wa kikao cha ukoo, ichukue cheti cha kifo, na msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama. Yeye ndiye atakayesimama kwenye madai. Risiti za mazishi nazo zitunzwe, ingawa najua ni vigumu kufikiria risiti siku ile.

Msomaji wa Zanzibar akumbuke kwamba visiwani kuna sheria na mahakama zake. Kwa jirani zetu wa Kenya ukomo ni miaka mitatu pia, fomu ni P3 na taarifa ya polisi huitwa abstrakti, na sheria imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 za Kenya kwa kile bima ya lazima inachomlipa mtu mmoja.

Wakili na vishoka

Madai madogo yenye vielelezo kamili unaweza kuyazungumza mwenyewe na kampuni ya bima. Jeraha likiwa la kudumu, lawama ikiwa inabishaniwa, au mdaiwa akiwa Serikali, tafuta wakili. Hakikisha jina lake kwenye orodha ya mawakili ya Mahakama, e-Wakili, au kupitia Chama cha Mawakili Tanganyika. Ada iandikwe kabla kazi haijaanza, kila unacholipa kiwe na risiti, na makubaliano yaeleze kwamba malipo ya fidia yataingia kwenye akaunti yako.

Jihadhari na vishoka wanaozunguka wodini na vituoni, wanaochukua PF3 yako "wakusaidie kufuatilia". Ukishawapa karatasi za asili, wao ndio wenye madai, wewe umekuwa mgonjwa wao. Toa kopi, za asili zibaki kwako.

Kama huna fedha, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa mtu asiye na uwezo kupata huduma hiyo bila malipo, na wapo wasaidizi wa kisheria wilayani. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, nao hupokea watu. Na usiogope lugha: tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Utaeleza yaliyokupata kwa maneno yako mwenyewe.

Nimemsemesha aliyegongwa muda wote huu. Sasa nakugeukia wewe ambaye hujawahi kugongwa. Madai mengi hayafi kwa sababu sheria ni mbovu. Yanakufa kwa sababu aliyeona alipanda daladala akaondoka. Siku utakapoona baiskeli imelala barabarani, simama. Piga picha ya namba za gari, mpe ndugu wa majeruhi namba yako ya simu, na ukiitwa polisi au mahakamani, nenda ukaseme ulichokiona. Utapoteza nusu siku ya kazi, na familia moja haitapoteza kila kitu.